Maswali ya Wasomaji: Betri Mpya kwa Baiskeli ya Umeme Iliyozeeka

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Mamboleo, Kisumu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na shule yangu iko upande wa Kiboswa, kwa hiyo kila asubuhi napanda mlima na kila jioni nateremka. Mwaka 2019 nilinunua baiskeli ya umeme ya mitumba iliyotoka Uholanzi. Mota yake imo ndani ya gurudumu la mbele, na betri huingia kama droo chini ya keria. Kibandiko chake kinasema 36V 10Ah. Kampuni iliyoiunda haitengenezi tena betri za aina hiyo. Tangu mwaka jana, taa za betri huonyesha kwamba imejaa nikiwa kwenye tambarare, lakini nikianza kupanda mota huzima ghafla, kisha nikipumzika kidogo taa zote hurudi. Muuza duka mmoja ameniambia kwamba baiskeli hii sasa ni chuma chakavu. Fundi mmoja wa Kibuye anasema ataondoa bodi inayokata umeme ili betri ifanye kazi kama zamani. Binamu yangu aliye Ujerumani yuko tayari kuniletea betri kwenye begi lake akija Disemba. Nimsikilize nani?

JIBU: Mwalimu, asante kwa barua iliyoeleza dalili kwa utaratibu. Kwa sasa usimsikilize yeyote kati ya hao watatu, na huyo fundi anayetaka kuondoa bodi usimsikilize kamwe. Nitaeleza sababu hapo chini.

Baiskeli yako si chuma chakavu. Mota ya ndani ya gurudumu ina sehemu chache za kuharibika, na ikitunzwa huweza kumaliza betri mbili au tatu kabla ya kuchoka yenyewe. Kilichozeeka ni betri, na hata hiyo huenda haikuzeeka yote. Ndani ya kasha lake mna seli za duara, kila moja ikiwa na upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, ndiyo maana mafundi huziita 18650. Katika betri ya ukubwa wa yako, kwa kawaida seli nne hufungwa pamoja kuwa kundi, kisha makundi kumi huunganishwa kwa mfululizo, ya kwanza hadi ya mwisho. Kila kundi huhesabiwa kuwa na volti 3.6, na hapo ndipo volti 36 zinapotoka. Likijaa hufika volti 4.2, kwa hiyo betri nzima iliyojaa husoma 42.

Makundi hayo hayazeeki kwa mwendo mmoja. Moja likidhoofika, mota inapodai umeme mwingi mlimani volti za kundi hilo huporomoka kabla ya mengine, na bodi ya ulinzi, ambayo kazi yake ni kulitazama kila kundi peke yake, hukata umeme wa betri yote ili kulinusuru. Ukipumzika, volti hupanda tena. Taa za nje haziwezi kukuonya, kwa sababu hupima volti za jumla tu, na tena wakati ambapo betri haijabeba mzigo.

Kwa hiyo pima kwanza. Azima mita kwa fundi yeyote wa redio au wa sola. Chaja ikiwa imechomekwa ukutani bila kuunganishwa na betri, iangalie kama inatoa volti 42. Ikitoa pungufu ya 41, tatizo lako huenda ni chaja, ambayo bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya betri. Kisha chaji betri hadi ijae, iache ipumzike saa moja, upime kwenye vibati vyake vya kutolea umeme. Ikisoma 41 na kitu, makundi yote bado yanajaa, ingawa hilo halithibitishi kwamba yana nguvu ya kupanda mlima. Ikisoma 39 au 40 ilhali chaja ni nzima, kuna uwezekano mkubwa kwamba makundi kadhaa yamejaa na moja au mawili yamebaki nyuma, na bodi imesimamisha kuchaji ili yale yaliyojaa yasizidi.

Kabla ya kulaumu seli, vuta betri nje ya droo yake, chukua tochi, utazame vibati vya shaba vilivyo mwisho kabisa ndani ya keria. Nimewahi kuketi kwenye benchi la fundi mmoja hapa Kisumu wakati betri ya namna yako ilipovutwa. Kibati kimoja kiling'aa. Cha pili kilikuwa cheusi kama sufuria ya kuni, na plastiki iliyokizunguka ilikuwa imeyeyuka na kukunjamana kama utando wa maziwa yaliyopoa. Mitikisiko ya barabara ilikuwa imelegeza mshiko, unyevu ukaingia, na umeme ukawa unaruka pengo hilo kwa cheche. Fundi alikisugua kwa msasa laini, akakibana kidogo kwa koleo ili kishike, na mwenye baiskeli akapanda nayo Riat siku ileile. Betri yake ilikuwa haina kosa lolote.

Ikiwa vibati ni safi na seli ndizo zilizochoka, acha kutafuta jina lililoandikwa kwenye fremu. Kampuni nyingi za baiskeli hununua betri kwa watengenezaji wengine na kubandika majina yao juu, na jina likifa haimaanishi kwamba betri inayofaa imetoweka. Unachotafuta wewe ni betri ya lithiamu ya volti 36, yenye makundi kumi, inayoweza kutoa ampea ambazo kontrola yako, yaani kile kisanduku kinachogawia mota umeme, inazidai, na inayoweza kufungwa imara kwenye baiskeli.

Volti hazina mjadala. Utakutana na watu watakaokushauri ufunge betri ya volti 48 ili mlima uwe mwepesi, na kweli baiskeli itakimbia kwa muda. Lakini betri ya 48 ikijaa hufika volti 54.6, ilhali kapasita, vile vijipipa vya kuhifadhi umeme kidogo, zilizomo ndani ya kontrola ya 36 mara nyingi huwa za kuvumilia volti 50 au 63; ukiangukia zile za 50, utakuwa umeharibu na kontrola iliyokuwa nzima. Vivyo hivyo, betri zinazobadilishwa vituoni kwa ajili ya pikipiki za umeme zina volti nyingi mno kwa baiskeli yako, hata kama rafiki yako mwenye pikipiki anakuhakikishia vinginevyo.

Ampea-saa (ile Ah ya kwenye kibandiko), kinyume chake, zinaweza kuongezeka bila madhara, kwa kuwa huo ni ukubwa wa tangi tu. Zidisha volti kwa ampea-saa, nawe utapata wati-saa: 36 mara 10 ni 360. Baiskeli inayosaidiwa na miguu ya mwendeshaji hutumia takriban wati-saa 8 hadi 15 kwa kilomita, na kwa njia yenye mlima kama yako ingefaa uhesabu 15. Safari ya kilomita 20 kwenda na kurudi itahitaji wati-saa 300 hivi, na betri ya 360 itakufikisha ikiwa mpya, lakini baada ya miaka michache itaanza kukuacha njiani. Mimi ningechagua ya ampea-saa 13. Unapolinganisha bei za wauzaji, gawanya bei kwa wati-saa, maana betri inayoonekana rahisi mara nyingi ni ndogo tu.

Kuhusu ampea, fungua kifuniko cha kontrola usome kibandiko chake. Kikisema 15A, bodi ya betri mpya lazima iweze kutoa angalau ampea 15 mfululizo, si kwa dakika moja tu; muuzaji asiyeweza kukuonyesha namba hiyo kwa maandishi, ondoka dukani kwake.

Jambo jingine ni mazungumzo kati ya betri na mota. Baadhi ya mifumo, hasa ile yenye mota katikati kwenye kanyagio kama ya Bosch, haikubali kuwaka mpaka betri na mota zitambuane kwa ishara za kielektroniki, na betri ya kampuni nyingine haitaiwasha hata volti zikilingana. Mota za ndani ya gurudumu, hasa za zamani, kwa kawaida hazina masharti hayo. Hesabu vibati kwenye droo: vikiwa viwili vinene tu, chanya na hasi, una bahati. Vikiwa vinne au zaidi, vile vidogo vinaweza kuwa vya taa, vya kupima joto au vya ishara, na hapo fundi afuatilie kila waya mpaka unakoishia kabla hujatoa hata shilingi.

Sasa binamu yako. Mweleze mapema asije akanyang'anywa betri uwanja wa ndege. Kwa kanuni za usafiri wa anga, abiria haruhusiwi kusafiri na betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, iwe kwenye begi la mkononi au la chini ya ndege, na hata zilizo kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege. Ya kwako ni 360. Kuituma kama mzigo hakutasaidia sana, kwa sababu tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake zimepigwa marufuku kubebwa kama mizigo kwenye ndege za abiria. Njia ya kawaida ni meli hadi Mombasa, kupitia mwagizaji anayeleta nyingi kwa pamoja na mwenye hati ya majaribio ya usalama inayoitwa UN 38.3. Binamu anaweza kukuletea vitu visivyo na seli, navyo si haba: chaja nzuri ya volti 42, kasha tupu la umbo lilelile, vibati vipya vya droo, au kontrola ya akiba.

Usipopata betri inayoingia kwenye droo hiyo, nunua ya aina inayofungwa kwenye bomba la chini la fremu, mahali ambapo wengine huweka chupa ya maji, kisha uvute waya hadi kwenye kontrola. Ya volti 36 na ampea-saa 13 ina uzito wa kilo tatu hivi, na uzito huo ukikaa katikati ya baiskeli kuliko juu ya gurudumu la nyuma, utaona tofauti unapokata kona. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri.

Njia ya pili, ambayo mimi naipenda kwa sababu inaokoa kasha na vibati vyako, ni kumpa fundi afungue betri na kuweka seli mpya. Lakini fundi huyo awe anaijua kazi hii hasa, si fundi wa simu anayetaka kujaribu. Muulize anaunganisha seli kwa nini. Akisema kwa risasi na kichomeo cha kawaida, mshukuru na uchukue betri yako, kwa sababu joto hilo hupenya na kuharibu seli kwa ndani. Anayejua ana mashine ya kuchomelea seli kwa nukta, inayobandika utepe wa nikeli kwa mshtuko wa umeme wa sehemu ndogo ya sekunde. Hata utepe wenyewe una ulaghai: mwingine ni chuma kilichopakwa nikeli, nao hupata joto na kushika kutu. Gusisha kipande chake kwenye jiwe la kunolea linalozunguka. Chuma hutoa cheche nyingi, nikeli halisi haitoi.

Seli nazo ziwe mpya na za toleo moja. Zinazochopolewa kwenye kompyuta mpakato mbovu zina umri tofauti, na ukizichanganya utakuwa umetengeneza tena ugonjwa uleule ulioniandikia. Ukiona seli ya 18650 imeandikwa mAh 9900 (mAh 1000 ni sawa na ampea-saa moja), ujue ni uongo mtupu. Nzuri kabisa zinazopatikana kwa kawaida hufika 3500 hivi. Weka moja kwenye mizani ya jikoni: ya kweli ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Nimeshika moja ya bandia iliyokuwa nyepesi kama kibiriti, na ilipokatwa ilikutwa na seli ndogo ndani, nafasi iliyobaki ikiwa imejazwa unga mweupe.

Nimeacha bodi hadi mwisho kwa makusudi. Fundi anayekuambia ataiondoa anakuambia ataondoa kitu kinachozuia nyumba yako kuungua. Seli ya lithiamu ikishushwa mbali sana chini ya volti 2.5, shaba iliyomo ndani huanza kuyeyuka, na inapochajiwa tena shaba hiyo huweza kujenga daraja dogo kati ya chanya na hasi. Kutoka hapo seli hupata joto yenyewe, huwasha ya jirani, na betri yote hushika moto ambao hauzimiki kwa kufunikwa na blanketi. Bila bodi hakuna kitakachozuia kundi dhaifu kushuka mno mlimani, wala makundi mazima kuzidishwa usiku wakati wa kuchaji. Nakuomba sana, Mwalimu, usikubali. Na hata ukiwa na betri mpya, ichajie kwenye sakafu ya saruji ukiwa macho, mbali na mlango ambao familia ingeutumia kutoroka, na uiache ipoe kwanza baada ya kupanda kilima cha mchana kwenye jua la Kisumu.

SWALI: Nakuru kuna baridi, na baiskeli ya umeme ya Kijapani niliyoinunua kwa muuza mitumba imekuwa nzuri kwa kupeleka mboga sokoni. Juzi niliichomeka chaja yake kwa mara ya kwanza mwenyewe, ikatoa mlio na moshi. Muuzaji alikuwa ameniuzia ikiwa imeshachajiwa. Je, betri nayo imekufa? Naweza kutumia chaja nyingine yoyote?

JIBU: Mama, pole sana. Betri yenyewe huenda iko salama, kwa sababu kilichoungua kimeungua kabla umeme haujaifikia. Umeme wa majumbani nchini Japani ni wa volti 100, nao wetu ni wa 240, na chaja nyingi za baiskeli hizo zimeundwa kwa volti 100 peke yake. Geuza chaja uisome mgongoni: ikiandikwa 100V tu, haikupaswa kugusa soketi ya Kenya. Kasoro ni ya muuzaji aliyenyamaza, na unayo haki ya kumrudia.

Usitumie chaja yoyote nyingine. Betri za Kijapani za aina hii huwa za volti 25 au 26 hivi, zenye makundi saba, na nyingi huzungumza na chaja pamoja na baiskeli kupitia vibati vya ziada. Chaja ya baiskeli ya Kichina ya volti 36 ingeiharibu. Tafuta chaja ya mfululizo uleule wa betri, ukilinganisha herufi na namba zilizochapwa chini ya betri moja baada ya nyingine, kisha uitumie pamoja na transfoma ya kushusha volti. Hapa kuna mtego: transfoma nyingi madukani zimeandikwa 220 kwenda 110, na zikiingizwa 240 hutoa volti 120, jambo ambalo chaja ya 100 haikuundiwa. Omba inayotoa 100, na uwezo wake wa wati uwe angalau mara mbili ya ule ulioandikwa kwenye chaja.

Wauzaji wa mitumba hii wangeokoa chaja nyingi kwa kubandika karatasi moja tu kwenye kila baiskeli wanayoiuza.

SWALI: Niko Kakamega. Baiskeli yangu ya umeme ina betri nne za asidi, 12V 12Ah kila moja, na zimekwisha. Nataka kuweka lithiamu. Naweza kuacha chaja ileile?

JIBU: Hapana, chaja ndiyo ya kwanza kubadilishwa. Betri zako nne zikiunganishwa ni volti 48, na chaja ya asidi huzipandisha hadi volti 58 au 59 hivi. Betri ya lithiamu ya kawaida ya 48 ina makundi kumi na matatu na hujaa kwenye 54.6. Ukiichomeka kwenye chaja ya zamani utakuwa unategemea bodi ya ulinzi peke yake kila usiku, nayo haikuwekwa kwa kazi hiyo. Ukichagua lithiamu ya fosfati ya chuma yenye makundi kumi na sita, ambayo hustahimili joto zaidi na huishi muda mrefu, itajaa kwenye volti 58.4, namba inakaribiana na ya chaja yako, lakini chaja ya asidi huwa na hatua za mwisho za kudumisha chaji ambazo betri hiyo haizihitaji, kwa hiyo nunua yake.

Kontrola yako kwa kawaida hukata umeme kwenye volti 42 hivi, na kiwango hicho kinaafikiana na aina zote mbili. Utashangazwa na wepesi, maana betri moja ya asidi ya ukubwa huo ina kilo nne hivi, na zote nne zinakaribia 16.

Kabla ya kutupa zile nne, zipime moja moja baada ya kuzichaji na kuziacha usiku mzima. Si ajabu ukikuta moja imeshuka hadi volti 10 na tatu zikiwa juu ya 12.5, hizo tatu zitawasha taa za sola nyumbani kwa muda, kila moja ikiwa peke yake. Iliyokufa ina risasi na asidi, kwa hiyo usiimwage asidi yake shambani wala kuivunja mbele ya watoto. Muuze mnunuzi wa betri kuukuu anayefanya kazi kwa kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, na umdai akuonyeshe kibali hicho.